"Bat lau dung laai" maana yake nini? Muuza spea wa Hong Kong kanichanganya

BintiKariakoo:
Wakuu habari zenu, na wakubwa shikamooni. Nipo Hong Kong nafuata mzigo wa simu, nimefikia Tsim Sha Tsui. Kuna mzee mmoja Mchina nachukuaga spea kwake. Jana redio yake ilikuwa inakoroma tu, haikamati stesheni, akabana pua na kuigiza mtangazaji: "Bat lau dung laai..." Majirani zake wa vibanda walicheka mpaka wakashika mbavu. Nikauliza, hicho Kichina? Akasema hapana, ni Kivietinamu, cha "watu wa mashua". Maana yake hata yeye haijui. Mwenye habari kamili anijuze.

Mkazi_Kowloon:
Hilo ni tangazo la redio la zamani. Kivietinamu chenyewe ni "Bắt đầu từ nay", Wachina wakalitamka walivyoweza. Maana yake "kuanzia sasa".

Hao "watu wa mashua" ni Wavietinamu waliokimbia kwao kwa bahari baada ya vita kwisha 1975. Zamani Mvietinamu akifika hapa hivyo alihesabiwa mkimbizi moja kwa moja, anangoja nchi ya kumchukua. Juni 16, 1988 serikali ya Waingereza, waliokuwa wakiitawala Hong Kong, ikageuza: kila anayeingia ahojiwe, na akionekana kakimbia umaskini tu, arudishwe kwao. Tangazo likarudiwa redioni mpaka watoto wa Kichina wakalikariri kama wimbo. Ila usije ukamwimbia Mvietinamu, hapa limekuwa la kumkejeli.

Na wenyeji walikuwa na hasira zao. Hong Kong yote ni ndogo kuliko Unguja, na mwaka 1979 ilishakuwa na watu karibu milioni 5. Mwaka huo peke yake waliingia Wavietinamu zaidi ya 68,000. Halafu kuanzia Oktoba 1980 Mchina aliyevuka kimagendo kutoka China bara alirudishwa papo hapo. Sasa mtu binamu yake karudishwa juzi, leo anaona mgeni anapewa kambi na chakula! Ingawa kambi zenyewe, kwa waliofika tangu Julai 1982, zilikuwa za kufungiwa.

Baharia_wa_Tanga:
Marahaba binti. Mimi niliwaona kabla ya hilo tangazo.

Mwaka 1979, mwezi wa tano, nilikuwa baharia wa sitaha kwenye meli ya Wagiriki, tumetoka Singapore tunapandisha Hong Kong. Zamu yangu ya alfajiri nikaona mashua imekaa chini mno majini. Nikadhani wavuvi. Lakini wavuvi hawanyanyui watoto juu ili uwaone.

Omoni ilikuwa imechorwa macho mawili, nikakumbuka majahazi ya Lamu. Nahodha akapunguza mwendo, hakusimama. Tukawateremshia madumu ya maji, gunia la mchele na biskuti. Mwanamke mmoja akaishika kamba ya dumu, hataki kuiachia, na meli ndiyo inaondoka. Serehangi, mkuu wetu mabaharia, akaikata kwa kisu.

Nahodha hakuwa mtu mbaya, Mungu shahidi. Meli iliyookoa watu iliweza kuzuiwa nje ya bandari mpaka ipatikane nchi ya kuwapokea, na kila siku ya nangani mwenye meli anapiga hesabu. Meli ya Huey Fong ilifika Desemba 1978 na watu zaidi ya 3,300, ikawekwa nje karibu mwezi mzima. Ile nayo ilikuwa biashara, dhahabu ya nauli ilikutwa imefichwa chumba cha injini, lakini ndiyo manahodha wote walikuwa wakiitaja. Haya, na yule nahodha Mdenishi wa meli ya Clara Maersk? Mei 1975 alipakia zaidi ya watu 3,600 kutoka meli iliyokuwa inazama, akawafikisha Hong Kong. Kwa hiyo asiniambie mtu kwamba haiwezekani.

Tulipokaribia bandari tukaiona Skyluck, meli nyingine ya wakimbizi, karibu na kisiwa cha Lamma. Watu zaidi ya 2,600, wapo humo tangu Februari. Nguo zimeanikwa omo mpaka shetri. Juni 29 wakaukata mnyororo wa nanga wenyewe, meli ikasukumwa mpaka kwenye miamba ya Lamma, ikabidi washushwe. Sisi tulishaondoka. Niliposimuliwa nilicheka peke yangu.

Siku nne tulizokaa nilikuwa naazima darabini, naitafuta ile mashua kati ya zile zilizovutwa ufukweni. Karibu zote zilikuwa na macho.

Mjukuu_wa_Pwani:
Dah, mzee wangu. Waliishia wapi sasa?

Mkazi_Kowloon:
Waliopita hapa ni zaidi ya 200,000. Kama 143,000 walichukuliwa na nchi nyingine, Marekani, Kanada, Uingereza na kwingineko. Kama 67,000 walirudishwa Vietinamu. Kundi la kwanza la kulazimishwa, watu 51, lilipakiwa ndege usiku wa Desemba 1989. Kambi ya mwisho, Pillar Point, ilifungwa 2000, na kama 1,400 waliobaki wakaruhusiwa kuishi hapa hapa.

BintiKariakoo:
Asanteni sana wote. Mzee wa Tanga, ile kamba imenikaa kooni.

Leo nimerudi kwa mzee wa spea, nikamwambia maana yake ni "kuanzia sasa". Akanyamaza kidogo. Miaka yote hiyo analiimba, hakujua. Kisha akafungua daftari la madeni, akaweka kidole kwenye jina langu, akasema: "Bat lau dung laai, taslimu tu."