Mjadala: Mheshimiwa anatoa kutoka mfuko gani?

Mpangaji wa Umoja
Wakuu, tupige hesabu. Mshahara wa mbunge wa Kenya kabla ya kodi unapita kidogo shilingi 700,000 kwa mwezi. Toa kodi, toa mkopo wa nyumba, ongeza marupurupu ya vikao. Halafu Jumapili mheshimiwa huyo huyo anaweka milioni moja madhabahuni, na Jumapili inayofuata yuko kwingine. Sheria ya Mgongano wa Maslahi ya 2025 inamtaka atangaze mapato, mali na madeni kila baada ya miaka miwili. Fomu zenyewe hazibandikwi mahali mwananchi akazisoma. Zifunguliwe, ndipo tupige makofi.

Mama Chama, Kayole
Ndugu yangu, na sisi je? Karo tunampelekea yeye, bili ya hospitali yeye, jeneza yeye. Akija matangani mikono mitupu anaitwa mchoyo mpaka kura zipigwe. Wengine wanakopa Sacco ili watoe, hasa hawa MCA, wawakilishi wa wadi. Wahenga walisema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri.

Mpangaji wa Umoja
Mama, huyo anayekopa ndiye ananitisha kuliko tajiri. Tajiri akitoa, pengo halimuumi. Mwenye deni ana miaka mitano ya kulilipa, na zabuni za kaunti ziko karibu naye.

Kinyozi Donholm
Basi mnataka matajiri watupu wagombee? Maana ndipo hoja hii inapoelekea.

Mwalimu mstaafu
Swali zuri hilo, kijana, na sina jibu lake lote. Ila msichanganye mifuko. Basari ya NG-CDF, ule mfuko wa maendeleo ya maeneo bunge, ni kodi yenu, hata hundi ikipambwa picha ya mbunge. Hiyo haimgharimu hata ndururu.

Mkumbuke pia ya kanisa Katoliki la Soweto, hapo Kayole, Novemba 2024. Rais Ruto alitoa milioni 2.6 kwa kwaya na parokia, akaahidi na milioni 3 zaidi za nyumba ya padri. Askofu Mkuu wa Nairobi, Philip Anyolo, akaamuru zilizotolewa zirudishwe, na ahadi akaikataa. Miezi michache tu kabla, Julai, Rais mwenyewe alikuwa amewapiga marufuku maafisa wa umma kushiriki harambee! Machi 2025 tukasikia milioni 20 kwa kanisa moja la Roysambu.

Mama Chama, Kayole
Mwalimu, zilikataliwa sawa. Na kwaya walipewa nini badala yake?

Mpangaji wa Umoja
Wachange wenyewe, mama, kama chama chako. Mimi nitatoa mia tano, na payslip yangu nakuonyesha.

Kinyozi Donholm
Mia tano haiezeki paa, bro. Lakini hiyo payslip lete, tuanze na wewe.