Jahazi la babu limekaa mchangani Matondoni: tulifufue ama tuliuze mbao?

Mjukuu_wa_Nahodha

Assalam aleikum wadau, naomba ushauri wa watu wanaojua vyombo, si wale wa kuniambia tu "all the best".

Familia yetu ina jahazi, lile la Kiamu kabisa, la macho mawili kwenye omo (mbele ya chombo), liliundwa hapa hapa Matondoni, Lamu, na mafundi wa zamani. Babu alikuwa akibeba boriti, chokaa na mawe hadi Mombasa, na siku nyingine mchanga tu. Lori zilipoanza kufika Mokowe, ng'ambo ya bara, kwa wingi na watu wa mashua za injini wakashika abiria, kazi ikaisha polepole. Babu alipofariki likapandishwa juu na tangu hapo halijashuka. Nimelizunguka juzi, mkuku (uti wa chini wa chombo) naona uko sawa, mataruma, yaani mbavu, ya upande wa tezi (nyuma) kama manne hivi yameoza, mbao zimeachana mpaka unaona mwanga ukiwa ndani. Tanga halipo, foromali, ule mti wa kubeba tanga, ipo lakini imepinda.

Sasa amekuja mtu wa fanicha. Si mnajua mbao kuukuu za majahazi zinatafutwa na wenye mahoteli, wanatengeneza meza na vitanda na wazungu wanapenda. Bei aliyotaja si mbaya na nusu ya familia wameshaanza kugawana kichwani. Mimi na ami yangu (alikuwa baharia wa babu, bado ana nguvu zake) tunasema hapana, tulifufue kwa mchango wa mtaa halafu vijana wafundishwe tanga humo, maana saa hii kijana wa miaka 20 anajua kuvuta kamba ya injini tu, upepo ukimjia mbele hajui kubisha, yaani kwenda mshazari dhidi yake.

Je kuna mtu ameona jambo kama hili likifanya kazi mahali popote? Na pesa hutoka wapi kwa kweli, si kwa maneno?

Fundi_Kalafati

Waaleikum salam. Kabla ya pesa, chombo. Chukua nyundo ndogo, gonga ubao mmoja mmoja kutoka mkukuni kwenda juu, sauti ikiwa kavu inalia basi mti uko hai, ikiwa bubu weka alama ya chokaa. Halafu kisu, chokoa pale ubao unapokutana na mkuku, hapo ndipo wale wadudu wa maji wanaotoboa mbao hupenda na kwa nje huoni kitu, shimo dogo tu kama la sindano kumbe ndani wamekula. Usisahau misumari. Msumari wenye kutu unaozesha mti unaouzunguka, ubao unaonekana mzima lakini umeachia.

Hiyo mianga unayoona isikutishe sana, chombo kikikaa juani lazima kikauke na kuachana, sehemu yake itajifunga kikirudi majini. Ila ole wako ukishushe hivyo hivyo. Saa hii fanyeni mambo ya bure kwanza: egemezeni vizuri magogo pande zote ili ubavu usilale, ezekeni makuti juu kisipigwe jua, na vijana wamwagie maji ya chumvi ndani kila jioni. Chumvi inahifadhi mti, maji ya mvua ndiyo adui.

Mataruma msiyatoe yote kwa mpigo. Unatoa moja, unatia moja, la sivyo umbo la babu linapotea na hamtalirudisha. Na taruma halipasuliwi kutoka mti ulionyooka, linatafutwa tawi lililopinda lenyewe, hiyo kutafuta peke yake ni wiki kadhaa. Halafu kalafati, kuziba nafasi za mbao kwa pamba na mafuta, halafu deheni chini, ule mchanganyiko wa shahamu na chokaa. Mimi nikiwa karibu nitakuja kugonga, sitaki hela ya kugonga.

Mswahili_Texas

Ndugu yangu mimi niko Houston na kuna kitu hapa karibu nadhani kinajibu swali lako moja kwa moja. Galveston kuna meli ya matanga inaitwa Elissa, ya chuma, milingoti mitatu na matanga 19, iliundwa Aberdeen huko Scotland mwaka 1877. Ikazunguka dunia kubeba mizigo, ikauzwa na kuuzwa tena, mwishowe ikapatikana Ugiriki bandari ya Piraeus inangoja kukatwa iwe chuma chakavu, yaani ni kisa chako na mtu wa fanicha, wa kwao tu alikuwa na mtungi wa gesi. Wakfu wa historia wa mji ule ukainunua 1975, na 1982 ikatoka tena na matanga yake.

Lakini kilichonifurahisha si hiyo ya kununua. Ni jinsi wanavyoiendesha. Meli haina mabaharia wa mshahara wa kuijaza, mabaharia wake ni watu wa mji waliojitolea, wastaafu, wanafunzi, mtu na mkewe. Wanafundishwa wikiendi kwa miezi, kila kamba jina lake na mahali pake, kupanda mlingotini, kukunja tanga. Na huwezi kuja siku ya safari umevaa miwani ukasema mimi pia nimo. Lazima uwe umetoa saa zako za kazi, kukwangua kutu, kupiga msasa, kupaka vanishi, ndipo unapata nafasi ya kusafiri. Kwa hiyo kufundisha na kutengeneza ni kitu kimoja, hawana bajeti mbili. Mimi hapo ndipo naona jibu la "pesa hutoka wapi", sehemu kubwa haitoki, inatoka jasho.

Isikudanganye kwamba ni rahisi lakini. 2011 walinzi wa pwani wa Marekani waliikagua wakasema haifai kwenda baharini, kutu ilikuwa imekula ubavu chini ya maji. Na ilikuwa inapendwa vile vile! Ikabidi watafute mamilioni ya dola kubadilisha mabamba ya chuma. Upendo wa mtaa hauzuii kutu, ukaguzi ndio unaogundua. Sasa nyinyi na mti mnakagua kwa nyundo ya Fundi hapo juu, mna bahati.

Bint_Sur

Salaam kwenu nyote kutoka Oman. Sisi huku Sur tuna chombo kinaitwa Fatah al-Khair, ni ganja, aina ya jahazi kubwa la huku, zaidi ya mita 20, kiliundwa Sur penyewe na kikaja kuuzwa Yemen. Miaka ya tisini watu wa Sur wakachangishana wenyewe wakakinunua wakakirudisha nyumbani. Mashua na maganja ya Sur ndiyo yaliyokuwa yakija na upepo wa kaskazi Lamu na Unguja kisha kurudi na upepo wa kusi yakiwa na boriti zenu, kwa hiyo babu yako na babu yangu huenda walitukanana bandarini.

Ila nitasema ukweli, kimewekwa nchi kavu. Kinapendeza, watoto wa shule wanakuja, picha zinapigwa, lakini hakuna mtoto aliyejifunza kutweka tanga humo. Upande mwingine serikali ilikuwa na Shabab Oman, meli ya mbao iliyojengwa Scotland 1971 makusudi kwa kufundisha vijana, Oman ikaichukua 1977 na ikafundisha vijana wa jeshi la majini miaka na miaka mpaka 2014 ilipokuja ya pili. Hiyo ya kwanza watu watakuhadithia nyimbo zake, waliopita humo wapo kila ofisi. Fatah al-Khair ina mashabiki, Shabab Oman ina wanafunzi, na mimi nikiulizwa nichague moja nachagua wanafunzi. Lakini sitamcheka anayechagua kuweka juu, kama mbao zimechoka mno ni afadhali kukaa juu chini ya paa kuliko kuwa meza ya hoteli.

Mzee_wa_Gati

Naona mnasifu tu, niseme mimi la uchungu. Kwetu kuna kikundi kilikuja zamani, jina siliweki, wakasema tutahifadhi vyombo, wakapaka rangi mashua mbili, wakapiga picha na watoto wameshika kamba, bango kubwa likasimama. Rangi ya nyumba, si deheni. Msimu mmoja mbao zikaanza kutoa mapovu, wao hawapo, bango lipo. Kwa hivyo kama mnaandikisha kikundi, kiandikisheni nyinyi, ami yako awe mweka hazina na si mtu wa mbali, na kitabu cha michango kiwe wazi kila mtu asome.

La pili na hili ndilo kubwa kwangu. Msiwatie vijana wasiojua kwenye jahazi siku ya kwanza. Jahazi tanga lake ni zito, foromali ikibidi ipinduliwe upande wa pili wa mlingoti upepo ukiwa na nguvu, mnataka watu wanaojua nani anashika demani (kamba ya tanga), nani analegeza, nani anakaa kimya. Mmoja akichanganyikiwa foromali inampiga mtu kichwa. Waanze na ngalawa, waende mashua, zile za mashindano ya Lamu, wanajifunza kuhamisha mifuko ya mchanga na kukaa kwenye ubao wa nje upande wa upepo. Anayejua kutulia pale juu ubao umeinama, huyo ndiye mmpeleke jahazini. Na laifu jaketi, msinicheke, wazee hatukuvaa lakini wazee tulizika wenzetu pia. Mamlaka ya bahari watauliza, na wana haki ya kuuliza.

Mjukuu_wa_Nahodha

Shukran sana nyote, nimemsomea ami mistari ya Mzee_wa_Gati akacheka mpaka akakaa chini, anasema "huyo amepanda chombo kweli". Bint_Sur, amesema pia babu yangu hakutukana, alikuwa akiimba.

Jambo la familia ndilo gumu. Ndugu zangu wawili wanasema hisa zao wanazitaka leo. Nafikiri tuwaambie jahazi likifanya kazi ya watalii jioni mara moja moja na la mafunzo, wao watapata chao, ila naogopa kuahidi pesa ambazo hazijazaliwa.

Mswahili_Texas

Usiahidi. Wanunulieni hisa zao kidogo kidogo kwa maandishi, mashahidi wawili. Halafu jahazi liwe mali ya kikundi, si ya familia, maana mtaa hauchangi kuokoa mali ya ukoo fulani hata mkiwapikia pilau.

Fundi_Kalafati

Naungana na huyo. Na kuhusu hadithi ya kuwaambia watu, msione haya kuitumia. Lamu 2018 mafundi wakiongozwa na Ali Skanda waliunda dau la plastiki iliyookotwa, karibu tani 10, likasafiri mpaka Unguja mwaka uliofuata, dunia nzima ikaja kuangalia. Yaani mikono ipo, ile ile ya mataruma na kalafati, ilipewa plastiki ikaweza. Sasa nyinyi mna mti halisi na mzee anayejua kulipeleka, hapo hamna cha kubuni.

Wakati: sasa tunaingia msimu wa kusi, bahari chafu, vyombo vingi vinapandishwa hata hivyo na mafundi wanapatikana. Mtengeneze kusi yote, tanga mlishone wenyewe kwa mkono na vijana wakishona, atakayeshona tanga hataliacha lioze kwenye mvua. Lishuke bamvua, maji yakijaa sana, la msimu wa kaskazi kukiwa kumetulia. Likiingia maji siku ya kwanza msishtuke, litavuja siku mbili tatu kisha mbao zitavimba. Wekeni vijana wanne na ndoo, usiku na mchana.

Mjukuu_wa_Nahodha

Sawa Fundi. Swali moja la mwisho, nyundo ya kugonga ya uzito gani? Ami ana ya useremala na mimi nina ya mawe.

Fundi_Kalafati

Ya useremala. Ya mawe utatoboa mwenyewe kabla ya wadudu. Nitakuwa Matondoni Alkhamisi maji yakiwa yametoka, nisubirini upande wa tezi.