Wameunganisha wenye boksi na sisi wa breki ya mguu: ninunue, nihame daraja au niuze gari?

mtoto_wa_Chumbageni:

Wakuu salaam. Niko Ohio, kazi yangu ufundi wa malori, na kiangazi chote wikiendi nakimbiza Nova ya 1974 kwenye mbio za robo maili. Injini V8 ya inchi 350, kabureta, gia otomatiki, nyuma matairi ya sliki (laini, yasiyo na mikato). Naondoka kwa breki ya mguu: kushoto nimekanyaga breki, kulia nashikilia moto, taa ya tatu ya njano ya kuanzia ikiwaka naachia.

Kwa wasioujua mchezo: kwenye daraja letu mwenye gari kali hana uhakika wa kushinda. Kila mtu anaandika kwenye kioo muda anaodhani atatumia. Mimi naandika 11.80, mwenzangu labda 9.10, basi mimi natangulizwa sekunde 2.70. Atakayekimbia chini ya muda aliouandika ametoka, isipokuwa mwenzake naye kavunja zaidi yake. Ndiyo maana mkweche wa fundi unaweza kumrudisha nyumbani mwenye gari la mamilioni.

Sasa uwanja ninaokimbia umetangaza kwamba msimu ujao daraja la wenye boksi, yaani kifaa cha elektroniki cha kuchelewesha kuondoka, na letu yatakuwa kitu kimoja. Magari yamepungua, zawadi haigawiki mara mbili. Shida yangu ni hii: mwenye boksi anaachia kitufe taa ya KWANZA ya njano inapowaka. Boksi linalishika gari kwa sekunde moja na ushee, kisha linaliachia lenyewe. Mimi jua la saa kumi na moja limenipiga usoni, taa zinapishana nusu sekunde, nasubiri ya tatu na mguu unatetemeka. Nikiwahi, taa nyekundu, nimetoka. Nikichelewa, nimeshaliwa.

Boksi jipya ni dola mia tano hivi, hilo nalimudu. Ila gia yangu haina transibreki (breki ya ndani ya gia, ambayo ndiyo boksi huiachia), lazima ifunguliwe, na konveta, kiungo cha injini na gia, ibadilishwe. Hapo gari litaanza kuchungulia chini ya 11.49, na kanuni za NHRA, chama cha mbio hizi Marekani, kuanzia hapo zinadai roli baa (bomba la chuma la kumkinga dereva gari likibiringika). Yaani kifaa cha mia tano kinavuta elfu tatu nyuma yake, na mke wangu anajua hesabu kuliko mimi.

Ninunue, nishuke daraja la magari ya barabarani, au niuze? Nawasilisha.

Mzee_Kipute:

Mdogo wangu, tulia kwanza. Mimi nakimbia daraja la Super Gas, ambako wote tunalenga 9.90 na ukienda chini ya hapo umevunja. Gari langu likiachiwa linaingia kwenye nane. Kwa hiyo nimefunga throtoli stopu, inayobana hewa ya kabureta muda mfupi baada ya kuondoka ili lichelewe, kisha inaachia. Nimelipia nguvu, halafu nikalipia kifaa cha kuizima! Na jirani yangu kila akinunua kituo cha hali ya hewa (cha kukadiria muda wa gari) kizuri zaidi, nami najikuta natafuta bei yake usiku. Lakini hakuna aliyetulazimisha.

Vinavyokula pesa bila kukuuliza ni vingine. Mikanda ya usalama inakwisha muda miaka miwili tangu itengenezwe, hata kama imekaa kabatini. Ukishuka chini ya sekunde 10 fremu inakaguliwa na kubandikwa stika, na stika nayo ina tarehe yake. Hizo sizilalamikii, nimeona gari likibiringika na mtu akatoka anatembea. Ila zijumlishe kabla hujaanza kulaumu boksi.

Na ukifikiria magari ya barabarani, usije ukadanganywa na jina la Stock Eliminator, daraja la NHRA la magari ya kiwandani. Ni kweli boksi huko marufuku. Lakini tangu Ford walete Cobra Jet mwaka 2008 na Chevrolet wakajibu kwa COPO mwaka 2012, unaweza kupangwa na gari lililotoka kiwandani tayari kwa mbio, halisajiliki hata kwa barabara.

nairobi_v6:

Kwa hivyo mnalipa pesa ndio gari iende polepole? 😂 Wazungu wamewaweza. Swali serious lakini: si uwanja upige marufuku hizo boksi tu, kila mtu atumie mguu wake?

mkaguzi_wa_geti:

@nairobi_v6 Kupiga marufuku ni kuandika mstari mmoja. Kukagua ndiyo kazi. Mimi husimama getini Jumamosi, magari yamepanga foleni hadi barabarani, nina tochi na dakika chache kwa kila gari. Naangalia mikanda, helmeti, betri imefungwa vipi, mafuta yanavuja wapi. Kifaa cha kuwashia cheche siku hizi kina kompyuta ndani yake. Mwenye nia mbaya atakificha kichelewesho humo na mimi sitakiona bila kulifungua. Ukikataza usichoweza kukikagua, unamwadhibu mkweli peke yake. Kwa hiyo wenye viwanja wengi wanaona bora waruhusu.

Mtoa mada, usinunue bado. Nenda kwenye kikao cha madereva kabla ya msimu, omba kitu kimoja: wa breki ya mguu wapangwe wenyewe kwa wenyewe, na wa boksi vivyo hivyo, mpaka kila upande ubaki na magari machache, ndipo mkutane. Mwenye uwanja hapotezi senti, na wewe walau unapita raundi kadhaa kabla ya kukutana na roboti.

mtoto_wa_Chumbageni:

Nimewasoma wakuu. Mzee Kipute, mikanda yangu nimeenda kuitazama sasa hivi gereji: inakwisha Mei. Nilikuwa nimeisahau kabisa kwenye bajeti.

Mkaguzi, wazo la kupangwa kando nimelipenda, ila raundi za mwisho ndiko pesa ziliko, na huko bado nitamkuta mtu anayeondoka sekunde 0.005 baada ya taa ya kijani wakati mimi siku nzuri ni 0.030. Pengo hilo nitalifidia kwenye daili tu, yaani muda ninaouandika kiooni, na Nova inarudia muda wake vizuri hewa isipobadilika. Jioni kukipoa inakimbia kuliko nilivyoandika, hapo ndipo ninapojivunja.

Kwa hiyo gia siifungui mwaka huu. Nanunua mikanda, naenda kikaoni na karatasi yenye majina ya wenzangu wa breki ya mguu. Mwenye uzoefu wa kuwashawishi wenye viwanja anipe maneno, maana huyu wetu ukianza na neno "haki" anatazama saa.

mkaguzi_wa_geti:

Usianze na haki. Anza na idadi ya magari yatakayobaki nyumbani.