MJADALA: Gemu lisilouzwa tena, kulipakua ni wizi au ni kuliokoa?

Mkongwe (mwanzisha mada)

Wakuu, ubishi huu huzuka kila mtu anapoonyesha konsoli yake ya zamani, na kila mara huishia kwa matusi. Tuuweke hapa kwa utaratibu.

Gemu limetoka mwaka 1998. Kampuni haijalitoa tena tangu hapo, haliuzwi dukani wala mtandaoni, na kaseti au diski zilizobaki ziko kwa wakusanyaji. Mtu akipakua nakala yake na kulicheza kwenye emuleta, yaani programu inayoiga konsoli ya zamani, amemwibia nani?

Msimamo wangu ni kwamba hajamwibia yeyote. Naongeza: mkusanyaji mwenye gemu adimu anayekataa linakiliwe ana makosa makubwa kuliko huyo aliyepakua.

Chukueni gemu la Panzer Dragoon Saga la konsoli ya Sega Saturn. Ilitoka 1998, Saturn ikiwa inakata roho, nje ya Japani ziliuzwa nakala chache, na hadi leo haijatolewa kwenye mashine nyingine yoyote. Ukiitaka kihalali unatafuta mtu anayeuza diski zake. Unamlipa yeye. Sega haipati kitu, na waliolitengeneza hawapati kitu. Fedha inazunguka kati yetu wakusanyaji tu, kisha tunatembea kifua mbele tukijiita watetezi wa hakimiliki!

Wala si gemu moja. Mwaka 2023 Video Game History Foundation, wakishirikiana na Software Preservation Network, walitoa utafiti ulioonyesha kwamba asilimia 87 ya magemu yaliyotoka Marekani kabla ya 2010 hayapo tena sokoni. Duka la mtandaoni la Wii, konsoli ya Nintendo, lilifungwa Januari 2019. Manunuzi kwenye maduka ya mtandaoni ya konsoli zao nyingine, 3DS na Wii U, yakakoma Machi 2023. Gemu lililouzwa humo pekee, ambalo halikuwahi kuwa na kaseti wala diski, mtanunua wapi?

Kifungu

Mkuu, umeanza vizuri ukateleza katikati. Kutouzwa si kutelekezwa. Mwenye haki yupo, na haki ya kuuza inabeba pia haki ya kutouza. Marekani kazi ya kampuni inalindwa miaka 95 tangu ichapishwe, kwa hiyo Super Mario Bros. ya 1985 ina mwenyewe hadi mwisho wa 2080. Unaweza kuichukia sheria hiyo. Mimi mwenyewe naona muda ni mrefu kupita kiasi. Lakini "mimi naona" haitengui sheria.

Halafu makampuni hurudi. Seiken Densetsu 3 ilitoka Japani 1995 na wengi wakaamini haitatoka nje kamwe, lakini mwaka 2019 Square Enix waliitoa kwa Kiingereza kwa jina la Trials of Mana. Live A Live ya 1994 ikatengenezwa upya 2022. Kama wote walishajipakulia na kutosheka, nani angewekeza?

Na hizo tovuti za kupakulia magemu, mnazoziita za uhifadhi, nyingi zinaishi kwa matangazo. LoveROMS ilipofikishwa mahakamani na Nintendo mwaka 2018, kesi iliisha kwa hukumu ya dola zaidi ya milioni 12. Haikuwa maktaba ile, ilikuwa biashara ya mali ya mtu mwingine.

Mkongwe

Asante kwa kunitajia Seiken Densetsu 3, umenirahisishia kazi. Mashabiki walishaitafsiri kwa Kiingereza na kuisambaza karibu miaka ishirini kabla ya 2019. Kizazi kizima nje ya Japani kililijua gemu hilo kwa nakala "haramu", na ndicho kilichopanga foleni kulinunua lilipotoka rasmi. Mapenzi yale hayakutoka hewani.

Kuhusu tovuti za matangazo, hapo sikubishii.

Ila tusiyape makampuni utakatifu wasio nao. Sony iliwashtaki Connectix kwa sababu ya emuleta ya PlayStation, na mwaka 2000 mahakama ya rufaa ya Marekani ikasema waziwazi kwamba kuichambua mashine ili kutengeneza emuleta ni matumizi halali. Sony wakainunua emuleta hiyo na kuizima. Miaka mingi baadaye, Desemba 2018, hao hao wanatoa PlayStation Classic, kimashine kidogo chenye magemu 20 ndani. Kinaendeshwa na nini? PCSX ReARMed, emuleta huria iliyotengenezwa na mashabiki! Na kwa toleo la nje ya Japani, magemu tisa kati ya hayo yaliwekwa kwa nakala za Ulaya za hezi 50 (picha 50 kwa sekunde), zinazokwenda taratibu kuliko za hezi 60. Shabiki yeyote wa emuleta angewaambia mapema wasifanye hivyo.

Dada Pikseli

Kaka zangu, mnabishana kana kwamba nakala na kaseti ni kitu kimoja. Kisheria sijui. Kwa mchezaji si kimoja.

Mimi nacheza kwenye mashine halisi na TV ya chogo, na si kwa ushamba. Tazameni maporomoko ya maji ya Sonic the Hedgehog kwenye Mega Drive. Wachoraji walipanga mistari ya wima, mmoja una rangi, mmoja hauna. Kwenye TV ya chogo kwa ule waya wa njano, mistari inachanganyikana na jicho linaona maji unayoweza kuona ng'ambo yake. Ukiipeleka picha hiyo hiyo kwenye skrini bapa iliyo safi, unaona nyavu. Wachoraji walichora kwa ajili ya TV waliyokuwa nayo.

Bastola ya Duck Hunt, gemu la kuwinda bata, ndiyo kabisa. Ukivuta kifyatulio, skrini inakuwa nyeusi kwa kitambo kidogo, kisha mahali pa bata panatokea mraba mweupe, na jicho la bastola linaangalia kama limeona mwanga wakati ule ule. Hesabu hiyo inategemea TV ya chogo inayochora picha papo hapo. Skrini bapa inachelewesha, na bastola haioni kitu. Faili la gemu unalo, limekamilika hadi biti ya mwisho, na bata hapigiki.

Kwa hiyo mtu akisema "tumeshalihifadhi, liko kwenye diski ya kompyuta yangu", namuuliza: umehifadhi na TV?

Msomaji Kimya

Emuleta za siku hizi zina vichujio vya kuiga TV ya chogo, dada.

Dada Pikseli

Zinaiga rangi na mistari, na nyingine zinaiga vizuri mno, nakiri. Kuchelewa kwa skrini haziondoi.

Fundi Risasi

Mambo ya mahakama nawaachia nyinyi, mimi nashika chombo cha kuchomelea. Niwaambie tu kinachoendelea ndani ya hizo kaseti mnazozipanga rafuni.

Gemu lenyewe kwenye kaseti za konsoli za zamani kama NES, SNES au Mega Drive limo kwenye chipu iliyoandikwa kiwandani, na hiyo haifi upesi. Kinachokufa ni betri. Kaseti nyingi zinazohifadhi pale ulipofikia zina betri ya kidonge, mara nyingi CR2032, inayoilisha chipu ndogo ya kumbukumbu. Ikiisha, ulichohifadhi kimekwenda. Pokémon Gold na Silver zinawahi zaidi, kwa kuwa betri moja inabeba kumbukumbu pamoja na saa ya ndani ya gemu. Watu wananiletea nibadilishe, na wengi hawajui kwamba nikiichomoa tu kila kitu kinafutika. Dawa ni kusoma kumbukumbu kwanza kwa kifaa cha kunakilia, kuiweka kwenye kompyuta, kubadilisha betri, kisha kuirudisha. Mnaona? Hata kuitibu kaseti halisi kunaanzia kwenye kunakili.

Konsoli nazo zinaoza. Game Gear isiyowahi kuguswa na fundi, kapasita zake hakika zinavuja. Xbox ya kwanza ina kapasita ya saa inayotema majimaji yanayokula njia za shaba kwenye ubao. Mtu ameiweka kwenye boksi lake la kiwandani, haijachezwa, anajivunia, kumbe inajila taratibu.

Na kuna magemu ambayo bila wakusanyaji yangekwisha kabisa. Satellaview, kifaa cha kuunganisha kwenye konsoli ya Super Famicom ya Nintendo, ilipokea magemu kwa setilaiti, Japani tu, kuanzia 1995 hadi 2000. Matangazo yalipozimwa hapakuwa na duka la kurudi. Kilichopatikana baadaye kilitoka kwenye kaseti za kumbukumbu walizobaki nazo wenyewe, gemu moja hapa, jingine pale, mengine yakiwa nusu yamefutiwa. Waliokubali zisomwe ndio sababu leo tunayajua magemu hayo yalivyokuwa. Waliokataa, sijui wanasubiri nini.

Kaseti Ngumu

Naona mawe yanarushwa upande wangu, acha nijibu. Mimi ndiye huyo "anayekataa". Nimetafuta, nimelipa, ni mali yangu. Hakuna sheria inayonilazimisha kumkabidhi mtu kaseti yangu aifungue. Na tuongee ukweli, kitu kikishasambaa bure thamani yake inashuka.

Mkongwe

Haishuki, na ushahidi upo hadharani. Super Mario 64 iliuzwa nakala zaidi ya milioni 11, nakala yake ya kupakua ipo kila kona, na Nintendo wenyewe wameitoa tena mara kadhaa. Julai 2021 nakala moja iliyofungwa kwenye plastiki yake ya kiwandani ilipigwa mnada na kampuni ya Heritage kwa dola milioni 1.56. Mwezi uliofuata Super Mario Bros. ikafika dola milioni 2. Hakuna aliyekuwa amekosa gemu hilo la kucheza. Kilichonunuliwa ni boksi, plastiki, na alama iliyotolewa na kampuni ya kupima ubora. Kaseti adimu ya mashindano ya Nintendo World Championships ya 1990 ilishanakiliwa zamani, yeyote anaweza kuicheza, na bado wenye zile 26 za dhahabu hawalii njaa.

Hapo ndipo ninapowashangaa wenzangu wa kukusanya. Kaseti iliyofungiwa ndani ya kasha la plastiki ngumu na kupewa namba haiwezi kuchomekwa popote. Haisomwi, haipimwi, haichezwi. Ni haki ya mwenyewe kufanya hivyo, ila asiite kuhifadhi.

Kifungu

Kwenye hilo la bei nakuunga mkono, ingawa haligusi hoja yangu ya haki.

Niseme mnapoweza kunipata upande wenu: maktaba. Marekani maktaba na hifadhi zinaruhusiwa kuvunja kufuli la kidijitali la gemu lisilouzwa tena ili kulihifadhi, lakini mtafiti lazima aende akalitumie ndani ya jengo. Waliomba waruhusiwe kumfungulia mtafiti aliye mbali, na Oktoba 2024 Ofisi ya Hakimiliki ikakataa. Hofu iliyotajwa na wapinzani ni kwamba watu wangetumia mlango huo kucheza kwa starehe. Kitabu cha riwaya kinaazimwa kwa starehe kila siku na mbingu hazijaanguka. Sheria hiyo irekebishwe. Ila irekebishwe kwa mlango wake, na kila mtu asijifanye maktaba.

Mkongwe

Mlango huo umebishwa miaka na miaka, mkuu. Wakati tunangoja, kampuni zenyewe hazijitunzi. Silent Hill HD Collection ya 2012 ilitengenezwa kutoka msimbo ambao haujakamilika kwa sababu Konami hawakuwa wametunza ule wa mwisho. Kama mwenye mali amepoteza mali, na shabiki anayo nzima...

Fundi Risasi

Samahani niwakatishe. @Kaseti Ngumu, hujasema una gemu gani.

Kaseti Ngumu

La majaribio. Halikutoka kamwe. Ubao hauna ganda, chipu zina vidirisha juu.

Fundi Risasi

Hizo ni EPROM! Ndugu yangu, basi yote niliyosema juu ya chipu ya kiwandani kutokufa upesi hayakuhusu wewe. EPROM hufutwa kwa mwanga wa urujuanimno kupitia hicho kidirisha, na hata gizani chaji iliyomo hupungua mwaka hadi mwaka mpaka biti zinaanza kugeuka. Biti moja ikigeuka mahali pabaya, gemu haliwaki.

Kifungu

Na kisheria hilo ni gumu kuliko yote tuliyojadili. Gemu ambalo mwenyewe aliamua lisitoke, nani amempa shabiki ruhusa ya kulitoa?

Fundi Risasi

Kulisambaza bishaneni nyinyi. Mimi nasema kulisoma. @Kaseti Ngumu, faili likae kwako, hata usimwonyeshe mtu. Leo angalia kama stika za kwenye vidirisha bado zimeshika. Zilizobanduka, funika kwa stika isiyopitisha mwanga, usizikwangue. Usiuwashe ubao kwenye konsoli kwanza. Ukiwa tayari, kila chipu isomwe mara kadhaa na matokeo yalinganishwe. Yakitofautiana, acha hapo hapo uniambie ipi.