Mgeni niliyemfundisha kazi ananizidi mshahara: nisubiri tathmini au nihame?

Mwuliza swali
Ndugu zangu, nina miaka 6 katika idara ya uhasibu ya kampuni kubwa, na kila mwaka nimepata nyongeza ya asilimia 3. Mwezi uliopita nilikabidhiwa mfanyakazi mpya wa cheo sawa na changu nimfundishe kazi. Alipoifungua barua yake ya ajira mezani kwangu ili nimweleze makato ya pensheni, niliona kwamba mshahara wake wa kuanzia unauzidi wangu. Meneja wangu, ambaye ni mtu mwema, ananiambia nisubiri tathmini ya mwisho wa mwaka. Je, nisubiri?

Jibu la 1
Pole sana, ndugu. Nimehudumu katika rasilimali watu kwa muda mrefu, na jambo hili hutokea mara nyingi, kwa kuwa mshahara wa mgeni hupangwa kwa kufuata soko la siku hiyo, ilhali wako hupanda kidogokidogo kutoka pale ulipoanzia. Asilimia 3 kwa miaka 6 ni takriban asilimia 19 tu. Usisubiri tathmini, maana mara nyingi hufika bajeti ya mishahara ikiwa imekwisha kugawanywa, na meneja hukusomea kiasi kilichokwisha kuidhinishwa. Andika barua miezi mitatu au minne kabla, uulize daraja lako la mshahara lina kiwango gani cha chini na cha juu, na wewe uko wapi kati ya hivyo viwili. Kisha omba marekebisho ya mshahara, yaani ulinganishwe na soko la sasa, si nyongeza ya mwaka. Katika kampuni nyingi hayo ni mafungu mawili tofauti ya bajeti. Mwenzako usimtaje kabisa.

Jibu la 2
Chunguza pia kama kampuni yenu huwalazimisha mameneja kuweka idadi fulani ya watu katika alama za chini za tathmini, hata kama wamefanya kazi vizuri. Microsoft iliuacha utaratibu huo mwaka 2013, lakini mimi niliukuta kwingine, na meneja wangu aliniambia, macho yakiwa kwenye karatasi, kwamba ilimbidi ampate mtu wa kuweka chini. Mahali pa namna hiyo, hama.

Mwuliza swali
Nashukuru sana. Barua nimeipeleka leo asubuhi, na meneja ameniuliza kwa nini sikuuliza habari za daraja miaka yote hii. Nilimjibu kwamba sikujua kuwa inaruhusiwa kuuliza.