Kesha la Ijumaa na spika mtaani: tunamwabudu Mungu au tunamnyima jirani usingizi?

Mpangaji wa Manyatta: Wakristo wenzangu wa Kisumu, nauliza waziwazi. Ijumaa usiku, kuanzia huku kwetu hadi Nyalenda, makanisa ya mabati yamebanana na nyumba za kupanga, na spika zimeelekezwa nje ilhali waumini wako ndani. Kanuni za kelele za mwaka wa 2009 zinahesabu usiku kuanzia saa mbili hadi saa kumi na mbili asubuhi, na mahali pa ibada pamewekewa desibeli 35 (kipimo cha ukubwa wa sauti) saa hizo. Hiyo ni karibu na mnong'ono.

Msimamo wangu ni huu: anayeikanyaga sheria hiyo kwa jina la ibada hajamtii Mungu. Mfalme Sauli aliambiwa na nabii Samweli kwamba kutii ni bora kuliko dhabihu (1 Samweli 15:22). Kumbukeni dhabihu yenyewe ilikuwa nini: kondoo na ng'ombe wa Waamaleki, ambao Mungu aliagiza waangamizwe. Alitaka kumtolea Mungu kitu ambacho hakikuwa chake. Usingizi wa jirani nao si wako kuutoa.

Mwimbaji wa kwaya, Kondele: Ndugu, baa za hapa Kondele umeziuliza? Na muziki wa matanga je? Kanisa likiimba ndipo watu wanakumbuka desibeli! Paulo na Sila waliimba usiku wa manane na wafungwa wakawasikiliza (Matendo 16:25). Zaburi ya 150 inataja matoazi yavumayo sana. Mimi mwenyewe niliokoka kwa kusikia kesha la jirani, niko kitandani nimelewa chakari.

Nesi: Dada, kwa wokovu wako namshukuru Mungu. Ila Jumamosi saa moja asubuhi niko wodini napimia watoto wa watu dawa, na sijafumba jicho. Soma Mithali 27:14: anayembariki rafiki yake kwa sauti kuu alfajiri, baraka hiyo huhesabiwa laana. Haya ni maneno ya Biblia, si ya serikali.

Pasta wa mtaani: Bwana asifiwe. Desibeli 35, wapendwa, hata mvua juu ya mabati yetu inazipita. Sheria isiyotekelezeka humpa ofisa nafasi ya kumchagua wa kumkamata. Katiba ya 2010, kifungu cha 32, imetupa uhuru wa kuabudu, na mitume walisema imetupasa kumtii Mungu kuliko wanadamu.

Mpangaji wa Manyatta: Pasta, kwa heshima, mitume walisema hivyo walipokatazwa kulihubiri jina la Yesu. Wewe nani amekukataza? Umeambiwa upunguze sauti tu. Katiba hiyo hiyo, kifungu cha 42, inampa jirani haki ya mazingira safi na yenye afya. Halafu kule mlima Karmeli, waliopiga kelele kutwa ni manabii wa Baali. Eliya aliwadhihaki, pazeni sauti, labda mungu wenu amelala! Yeye mwenyewe aliomba sala fupi na moto ukashuka.

Mzee wa Kaimosi: Sisi Marafiki, yaani Wakristo wa dhehebu la Quaker, tuna imani hii Kaimosi tangu 1902, na kukaa kimya mbele za Mungu ni urithi wetu, ingawa siku hizi tunaimba sana. Ndugu zetu wa African Israel Church Nineveh, walioanza 1942, hupita barabarani na ngoma, nami hufurahia. Lakini ngoma ya barabarani hupita ikaenda zake. Spika ya kesha imefungwa ukutani.

Mwimbaji wa kwaya, Kondele: Mzee, nimekusikia. Basi, spika za nje zizimwe saa mbili usiku, za ndani zibaki. Hapo nesi atalala?

Nesi: Kinanda na besi nazo zishushwe. Besi hupenya ukuta.

Pasta wa mtaani: Za nje naweza kuzifikisha kwa wazee wa kanisa wiki hii. Kinanda hapana, vijana watanihama. Na huyo mwenye baa, ni nani kati yenu atakayeenda kumwona?

Mpangaji wa Manyatta: Zima za nje kwanza, Pasta, kisha twende kwake pamoja. Kwa sasa atatucheka.