Mwandishi kala hela zetu, kakatisha hadithi kipande cha 43, na Ziwa Ngosi kalijengea ufukwe!

Wakuu habari za usiku. Modi naomba usiuhamishie huu uzi jukwaa la mapenzi. Haya si mapenzi, huu ni wizi.

Mimi ni fundi cherehani hapa Mwanjelwa, Mbeya. Nina mabinti wawili ninaowafundisha kazi, na kwa miezi kama mitatu burudani yetu imekuwa hadithi moja ya kwenye grupu la WhatsApp. Malaika kafukuzwa mbinguni, kampenda binti wa chuo hapa hapa Mbeya, madubwana ya kuzimu yanamsaka, na binti mwenyewe kumbe damu yake si ya kawaida. Msinicheke. Simu tunaiegemeza kwenye boksi la nyuzi, mmoja anasoma kwa sauti, wawili tunashona. Kwa ajili ya kipande cha 19 kuna gauni la mteja nililibandika mkono wa kushoto kulia, nikaja kulifumua usiku kwa mwanga wa tochi.

Vipande 20 vya mwanzo bure. Cha 21 mpaka 60 unalipia buku tatu, unaingizwa grupu la VIP. Nikalipa. Kipande cha 43 kikaishia hivi: binti kafika ziwani, nyuma yake kuna kitu kinahema, anageuka... ITAENDELEA.

Wiki ikapita. Ya pili ikapita. Ya tatu likaja tangazo kwamba msimu wa pili uko tayari, buku tano, njoo inboksi. Nikauliza kwa adabu zote, dada, na vile vipande 17 tulivyokwisha kulipia? Saa nne usiku naingia niangalie jibu, nakuta nimetolewa kwenye grupu. Simtaji jina. Wanaomsoma wameshamjua.

Sasa kwa kuwa hela imeshaliwa, acha niyatapike na yale niliyokuwa nayameza kwa sababu ya utamu wa hadithi.

Mimi nimezaliwa Isongole, pale pale unapoachia lami ya Tukuyu kwenda Ngosi. Huyu dada Ngosi hajawahi kufika, naapa. Kwenye kipande cha 31 binti anapanda daladala Mwanjelwa, anashushwa "ufukweni", anatembea kwenye mchanga mweupe na viatu vya mchuchumio. Mchanga upi? Ngosi ni shimo la volkano. Unapanda msitu kwa miguu, matope, mizizi, mianzi, migomba ya porini, unashika matawi kama unapanda ngazi ya dari. Ukifika juu ndiyo unaliona ziwa huko chini kama maji yaliyobaki kwenye sufuria, kuta zimesimama pande zote. Kushuka mpaka majini ni shughuli ya mtu aliyemuaga mkewe. Mchuchumio!

Tena ni mwezi wa saba, kaandika mwenyewe. Malaika yuko kifua wazi kuanzia kipande cha kwanza. Siku moja nilikuwa naongea na bibi kwa simu, binti wangu anasoma pembeni, bibi akasikia. Akanyamaza, halafu akauliza, "Mwanangu, huyo kijana hana baridi?" Nikamwambia bibi, huyo ni malaika, ana mabawa, yakifunguka yanafika mita sita. Akasema, "Sasa kwenye mianzi anapitaje?" Sikuwa na jibu. Mwandishi pia hana, maana malaika anatokea tu msituni mabawa yamenyooka, hata jani halijadondoka.

Na theluji je? Eti usiku wa kwanza kubusiana theluji ilianguka Mbeya mjini. Dada yangu, huku kuna baridi ya kukupasua midomo, na ukienda Kitulo au Makete mwezi wa sita na wa saba asubuhi unakuta sakitu imelala kwenye majani, nyeupe, inalia chini ya kiatu. Hiyo tu ingetosha! Malaika katua kwenye nyasi za Kitulo alfajiri, mahali ambapo wenyeji wanapaita Bustani ya Mungu, nyayo zake zinayeyusha sakitu. Nimekupa bure hiyo, wala sidai buku tatu.

Lakini kilichonichefua hasa ni dubwana. Tumesubiri vipande 40 tuambiwe Ngosi kuna nini. Sisi watoto wa kule tumelala na hilo swali tangu tunanyonya. Wazee wanasema mle majini mna nyoka, na maji yakibadilika rangi mtu mzima hasemi sana, anakwambia tu twende nyumbani. Basi likatoka. Mbwa mwenye vichwa vitatu! Huyo mbwa ni wa Wagiriki, ana lango lake la kuzimu analilinda huko kwao, nani kampandisha huku kwenye milima yetu ya Uporoto? Nyoka wetu kaenda wapi, kapewa likizo?

Halafu mtu ana mlima Rungwe hapo mlangoni. Kipunji, yule nyani wa mlimani, wenyeji walikuwa wanamtaja miaka yote na watafiti hawakuwa na uhakika kama ni mnyama kweli au ni hadithi, mpaka walipomwona 2003. Mlio wake nusu kubweka nusu honi. Usikie hiyo sauti kwenye ukungu, uko peke yako, kisha uniambie unahitaji mbwa wa Ugiriki.

Hata malaika wenyewe hakuwasoma. Mimi nimeimba kwaya ya Moravian tangu mdogo, najua kidogo. Maserafi wa Isaya wana mabawa sita, mawili wanafunika uso, mawili miguu, mawili wanarukia. Viumbe wa Ezekieli wana nyuso nne, mtu, simba, ng'ombe na tai. Hao ukikutana nao njiani huwezi kuwaza busu, unaanguka kifudifudi. Na mambo ya wana wa Mungu kuwatamani binti za watu yamo Mwanzo sura ya 6, na Wanefili wametajwa hapo hapo. Penzi la hatari lipo tayari, ni la kuandika tu. Yeye kaleta kijana wa tangazo la manukato kamvisha manyoya.

Na hicho Kiswahili. "Alitoa pumzi ambayo hakujua kuwa alikuwa ameishikilia." Nimehesabu, mara tisa. Binti kila akimwona malaika anasikia vipepeo tumboni. Huku kwetu ukisikia wadudu tumboni unakunywa dawa ya minyoo. Hivi dada, lugha yako nywele laini za mwilini zinaitwa malaika, malaika wanamsimama mtu akiogopa au akiguswa, unaandika kitabu kizima cha malaika na hilo hujaligusa hata mara moja? Umelikopi wapi hili likitabu ukalipitisha kwenye mashine ya kutafsiri?

Najua watakuja wa kusema ni buku tatu tu, sahau. Buku tatu ni kubadilisha zipu mbili, mkuu, na macho yangu si ya bure.

Nataka vipande vyangu 17. Na kama kuna mwenye msimu wa kwanza kamili anishushie hapa, maana mabinti hawashoni, wanabishana huyo mbwa kamla binti au vipi. Bibi naye juzi kapiga simu kuuliza yule kijana wa kifua wazi kama amepata sweta. Nimemwambia bado.